Litania ya Spana

Juzi, katika chumba cha upasuaji, kabla daktari hajamshona mgonjwa, mwanafunzi wangu wa uuguzi alihesabu mikasi na vitambaa kwa sauti, nami nikasikia harufu ya kahawa mbivu.

Kwa mawazo nilirudi utotoni, uani kwa bibi, kijijini Litembo. Baba mdogo alikuwa fundi wa ndege katika jeshi letu la anga, lililokuwa bado changa, na walimu wake walikuwa Wachina. Alikuwa likizo, akitengeneza mashine ya bibi ya kumenya kahawa. Alipomaliza, alipanga spana zake juu ya kanga, akazigusa moja moja huku akitamka maneno nisiyoyajua. Mimi nilidhani anasali litania, ile sala ya kanisani ya kuwataja watakatifu mmoja mmoja. Basi kila alipotua, nikaitikia kwa heshima zote, "Utuombee."

Hakucheka. Alirudia tangu mwanzo, akakunja uso.

"Imepungua moja. Mashine haitumiki."

"Kahawa itachacha, mwanangu!" bibi akalalamika.

"Ichache tu, mama. Walimu wangu hawaruhusu ndege iruke kama spana moja haijaonekana."

Akaifungua upya. Spana ndogo ilikuwa imelala katikati ya meno ya mashine, pale pale bibi alipozoea kusukumia kahawa kwa vidole.

Leo najua alikuwa akihesabu tu, kwa Kichina. Walimu wale sikuwaona kamwe, lakini bibi alizeeka na vidole vyake vyote kumi.

"Vyote vimetimia, sista," mwanafunzi wangu alisema.

Nikaitikia kimoyomoyo, "Utuombee."