Nyumba Nyeupe za Karyofyto

Saa nne asubuhi, na Argyro Meleti anabishana na wazima moto watatu juu ya mchoro usiozidi ukubwa wa kucha. Mchoro uko kwenye kioo cha kompyuta, katika chumba cha uratibu cha manispaa yao ya milimani, Peloponnese, kusini mwa Ugiriki. Nje joto la Julai limeshaanza kuuma.

“Hiki ni kitanda,” anasema mmoja.

“Mkate huo,” anabisha mwenzake. “Tena umeungua.”

Argyro hacheki. Anaufuta, anaanza upya. Mpaka wote watatu waseme ni kitanda bila kuambiwa, mchoro huo hauingii kwenye mfumo.

Argyro, mwenye umri wa miaka 41, huandika programu za kompyuta. Mfumo wake, ulioandikwa kwa lugha ya Java na kufunguliwa kupitia mtandao, unaonyesha kila nyumba ya vijiji vinavyozungukwa na misonobari. Kila nyumba ina aikoni yake. Ya kawaida ni nyeupe. Ya mtu asiyetembea ina kiti cha magurudumu, na ya anayepumua kwa msaada wa mashine ina mtungi; kitanda anachochora leo ni cha asiyeweza kuinuka.

Yeye ndiye aliyeandika msimbo, maagizo ya kompyuta, unaotaja hali ya kila nyumba. Kazi inayobaki hufanywa na kiunzi, yaani ule msingi uliotengenezwa na wengine ambao programu yake imejengwa juu yake. Kiunzi huchukua jina la hali, hutafuta picha yenye jina hilo, huibandika. Kisipoipata hakilalamiki. Huweka picha ya kawaida na kuendelea.

“Niliona huo ni uungwana,” anasema. “Ukurasa mzima usiharibike kwa ajili ya kipicha.”

Kiangazi cha mwaka juzi, moto uliruka ukingo wa mlima saa za mchana. Argyro aliitwa kwa sababu kompyuta ilikuwa ikienda polepole. Alisimama nyuma ya kiti cha msimamizi, Loukas Drivas, mstaafu wa polisi mwenye sauti ya kukwaruza, akimsikia akigawa magari kwa redio.

“Kijiji cha Karyofyto ni nyumba nyeupe tupu,” Drivas alisema. “Watashuka wenyewe kwa miguu. Magari yote yapande juu.”

Argyro akatazama kioo. Nyumba ya mwisho kwenye barabara ya kanisa ilikuwa nyeupe. Humo anaishi Fotini, mama yake wa ubatizo anayemwita Nona, ambaye kiharusi kilimnyang’anya miguu na mapafu yake yanategemea mashine ya oksijeni.

Akaweka kidole juu ya nyumba ile.

“Loukas, simamisha magari.”

“Kwa nini?”

“Ile nyumba si nyeupe. Yule mama hatembei.”

“Mashine yako inasema anatembea.”

“Mashine yangu inasema uongo.”

Akaifungua nyumba ile kwenye mfumo. Maelezo yalikuwa sahihi: hatembei, yuko kwenye oksijeni. Hapo akaelewa. Kwa mtu mwenye hali mbili, msimbo wa Argyro uliyaunganisha majina yote mawili, na picha yenye jina hilo refu hakuna aliyewahi kuichora. Kiunzi kikaitafuta, kikaikosa, kikaweka nyumba nyeupe.

“Mwenye shida moja alikuwa na picha yake,” anasema. “Mwenye shida mbili alionekana hana hata moja.”

Alimsomea Drivas wagonjwa wa Karyofyto kwa sauti, magari yakageuzwa. Kisha akabadili msimbo ili picha ya hali nzito zaidi ndiyo itumike, akaufungua ukurasa upya. Nyumba nyeupe zikaanza kubadilika, si Karyofyto tu, bali kijiji baada ya kijiji. Drivas aliinuka kitini.

“Zote hizi?” aliuliza.

“Zote hizi.”

“Na mimi ningezipita,” alisema taratibu, kisha akashika redio.

Gari la kwanza lilipofika kwa Fotini, redio ilileta maneno machache: mlango wazi, kitanda kitupu, mashine bado inanguruma. Argyro alikaa sakafuni. Jioni ndipo simu ilipolia kutoka ufukweni. Petrit, Mualbania mvuna zeituni anayeishi jirani, alikuwa amembeba bibi mgongoni, akamlaza kwenye trela la trekta juu ya magunia pamoja na mtungi wake wa akiba, akashuka naye.

“Nimwache kwa kuwa hakuna aliyenituma?” Petrit ananiuliza, kama vile nimemtukana.

Fotini alilazwa wiki kadhaa kwa moshi aliouvuta. Argyro alipokwenda kumwambia ukweli, bibi alimtazama sana.

“Kwenye kompyuta yako nilikuwa mzima?”

“Ndiyo, Nona.”

“Basi ungenipa na mchumba, mwanangu.”

Wagonjwa wa zile nyumba nyingine waliondolewa wote, baadhi moto ukiwa umeshaingia uani. Argyro hakungoja kuulizwa. Katika mkutano wa wananchi, meya alipoanza kumshukuru, alimkatiza akaeleza kosa lake. Mwanamke mmoja akasimama.

“Baba yangu alikuwa kwenye nyumba nyeupe?”

“Ndiyo.”

Mwanamke akachukua mkoba wake, akatoka. Hawajazungumza tena.

Kinachomtisha Argyro zaidi si moto. “Kama Fotini asingekuwa Nona wangu, ningeona nyumba nyeupe kama Loukas. Ningerudi ofisini kunywa kahawa.”

Sasa nyumba ambayo mfumo hauna picha yake hugeuka nyeusi, na kioo huwaka na kuzima mpaka mtu apige simu huko. Amewaandikia watengenezaji wa kiunzi akiwaomba waweke onyo kama hilo tangu mwanzo, bado hawajajibu. Majira ya baridi yakija, anapanga kuwaita wasimamizi wa manispaa jirani, awafungulie mifumo yao wenyewe akiwa ameondoa baadhi ya taarifa, waone kinachojificha.

Drivas anamtania kwamba atawatia watu kiwewe bure.

“Ndiyo nia yangu,” Argyro anamjibu. “Tusichokijua kitutishe. Mtu akitishika, anainuka anakwenda kuangalia.”