Feni Niliyoinyamazisha Nengo

Haya sikuyasikia kwa mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini, na sikuwa nimekunywa chochote.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nikitengeneza redio na kompyuta mtaa wa Mbugangari. Mama Devota, mpiga chapa wa mtaa wa Nengo, akaniita: kompyuta yake inakoroma. Humo alikuwa ameandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa vita. Nikaifungua, nikaigusa feni ya nyuma kwa kijiti ikasimama, kelele ikakoma. Basi ugonjwa ni huo: vumbi limejaa, mhimili umekauka. Ilitaka kusafishwa na kutiwa tone la mafuta ya cherehani, kazi ya saa nzima. Lakini mimi nilikuwa nawahi mpira. Nikakata waya wa feni.

"Imenyamaza! Mungu akubariki, fundi."

Nikaipokea baraka hiyo, unaamini?

Kesho yake mchana, mvua kubwa, mwanamke akasimama mlangoni pangu. Kovu kidevuni, kitenge cha njano.

"Fundi, ile mashine ya Nengo iko inaungua. Jina ya mutoto yangu iko mule." Akalitaja, mara mbili.

"Bon, nitapita jioni," nikasema, sikio langu liko redioni.

Alipogeuka ndipo nikaona. Mvua yote ile, na kitenge chake kikavu! Nikatoka nyuma yake. Barabara tupu.

Nilikimbia hadi Nengo nikakuta moshi. Kisanduku cha umeme cha kompyuta, kile kilichokuwa kikipozwa na feni ile, kilikuwa kimeungua na diski yenye majina pamoja nacho. Karatasi za majina zilizoandikwa kwa mkono Mama Devota alishazitupa zamani.

Nikamweleza habari za yule mwanamke. Akakaa chini kwenye sakafu.

"Kovu hapa? Uyo mama tulimuzika kule Cyanzarwe, mwezi ilipita. Alikuambia jina? Sema, fundi, niandike!"

Sikulikumbuka. Nilisimama pale, yeye kashika kalamu.

Na ule waya? Nilimwambia Mama Devota ni umeme wa mji ulioiunguza. Amekufa akiamini hivyo.

Mpaka leo, mteja kijana akija nisiyemjua, namuuliza jina lake, halafu namwomba alirudie. Wananiona kiziwi. Huenda jina la yule mtoto nimeshalisikia na halikuniambia kitu.

Nawe unayenisikiliza: mtu akikutajia jina la mtoto wake, liandike angali mbele yako. Mimi, yule mama hakurudi tena kunitajia.