Siku tulipokataa mwethya wa majibu ya maabara

Wakuu, poleni na kazi. Hiki kisa sijakitia chumvi, maji yetu ya Kitui yana ya kutosha.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa maabara kwenye hospitali moja ya misheni, si mbali na Kabati. Tulikuwa tunapima dawa kabla hazijaenda kwa zahanati. Kidonge kikisema kina dawa kiasi fulani, sisi tunahakikisha kweli imo.

Wakati huo tulikuwa tumezuia katoni za dawa ya malaria za kwenda Tseikuru. Vipimo vyetu vilionyesha vidonge ni hafifu. Muuzaji akaja juu, eti hatujui kupima!

Dada yangu ameolewa huko Tseikuru, watoto wadogo, na mvua ilikuwa imeanza. Sikulala vizuri.

Wakubwa wa hospitali wakaamua hivi: kuna mtihani wa maabara unakuja kutoka nje. Tukipita, katoni zirudi kwa muuzaji. Tukianguka, ziende Tseikuru.

Kwa wasioujua mtihani huu, kila maabara inatumiwa vidonge vile vile. Aliyetuma anajua dawa iliyomo, wewe hujui. Unapima, unatuma jibu, unangoja hukumu.

Nikapima. Asilimia themanini na moja ya dawa iliyoandikwa. Nikarudia, ile ile. Nikaanza kuwa na wasiwasi, kwani nani hutuma vidonge vibovu kwa mtihani?

Kisha simu ikalia. Ni Musyoka, tulisoma pamoja, yeye alikuwa maabara nyingine upande wa Kilungu.

"Kyalo, mumepata ngapi? Sisi tuko na tisini na nane. Hata wale wengine wote wako hapo hapo."

Nikamwambia yangu.

"Aiii! Hiyo mizani yenu imelewa kaluvu? Andika tisini na nane, bwana. Si hii ni mwethya tu?"

Mwethya, kwa wasio Wakamba, ni majirani kukutana kulima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. Desturi nzuri sana, matuta ya vilima vyetu yalichimbwa hivyo. Shida ni kwamba kwetu kumnyima jirani jibu ni uchoyo, na kulikataa lake ni kiburi.

Nikaenda kwa Mama Mwende, mkuu wetu wa maabara. Nikamwambia watu wengi hivyo hawawezi kukosea wote.

Akavua miwani. "Kyalo, tukipita na jibu ya Musyoka, hizo katoni tutajua aje kama ni mbaya? Tuma yetu. Kama ni kuanguka, tuanguke na makosa yetu wenyewe."

Nikatuma. Kungoja kule, wakuu, msikuombe. Nilimkasirikia kila mtu, hata simu yenyewe.

Siku moja Mama Mwende akaja mbio, na huyo mama huwa hakimbii. "Tumepita! Waliotuma mtihani walipunguza dawa makusudi!"

Nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto. Sioni haya kusema. Katoni zikarudishwa, na dawa nyingine, iliyo nzima, ikapanda lori la Tseikuru.

Baadaye nilimuuliza Musyoka nani hasa alipima tisini na nane. Akasema wao walipewa na jirani. Jirani naye alipewa na mwingine. Tukafuata hadi mwisho, kumbe aliyeanzisha mashine yake ilikuwa imeharibika, akakisia tu! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikakumbuka zile katoni, kicheko kikaisha.

Mvua hiyo hiyo kitinda mimba wa dada yangu alishikwa na malaria kali. Akapewa vidonge vya zahanati, akapona. Leo ni baba wa watu.

Funzo langu: jirani akuazime jembe, asikuazime macho.

Haya, nani mwingine hapa amewahi kubaki peke yake na jibu lake? Ilikuishia wapi?