Siku Nilipomzika Kocha Paluku Akiwa Mzima

Hata leo nikipita Ndosho na pikipiki yangu kuna watu wanavua kofia kwa makusudi na kuniuliza leo nimemuua nani, nami nacheka nao huku natafuta shimo la kuingia, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwao, maana wao wanaitia chumvi (ingawa, niseme ukweli, haikuhitaji chumvi).

Mimi ni motari, nabeba watu kwa pikipiki, na juu ya hapo ni prezida wa wasapota wa timu yetu ya mtaa, Radi. Cheo hakina mshahara, kazi yake ni kupiga kelele. Jumapili ile tulicheza na watu wa Birere, tunaongoza bao moja bila, mechi inaelekea mwisho, kipa wetu Safari anadaka kila kitu hata vumbi, na hapo ndipo kocha Paluku akafanya kitu ambacho mtu mwenye akili zake hafanyi, akamtoa Safari. Hakuwa ameumia wala hakuwa amechoka. Alimwita pembeni, akamnong'oneza, akamwingiza Bahati, kijana mzuri, mpole, anayesali, lakini mpira wa juu kwake ni ndege, anausindikiza kwa macho. Tukafungwa mara mbili. Nilimfuata kocha mpaka kwenye mstari nikamwambia mbele za watu kwamba kuku wa mama yangu angepanga timu vizuri kuliko yeye. Alizima simu yake, kama anavyofanya kila tukipoteza (ni sababu ya sisi, huwa tunampigia mpaka asubuhi kumfundisha kazi yake), akaondoka na Safari.

Kesho yake asubuhi kwenye parkingi yetu hasira zilikuwa bado za moto, na mimi, kwa akili yangu hii mnayoiona, nikasema Radi imekufa, basi tuilie. Nilikata matawi mawili ya mkaratusi nikayafunga mbele ya pikipiki. Hapa Goma kila mtu anajua maana yake, motari akiweka matawi mbele kuna msiba, na wenzake wakimwona wanamfuata kwa heshima, taa zimewashwa, honi zinalia. Mimi nilitaka wacheke tu. Na walicheka. Ingeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo, lakini akaja mama mmoja wa Ndosho na kikapu chake cha kabichi, akataka nimpeleke sokoni, akayaona matawi.

"Nani alikufa?" akauliza.

Nilikunja uso, nikashusha pumzi, nikasema, "Kocha Paluku."

Nilikuwa nangoja ashtuke kidogo halafu nimwambie kwamba ni kwetu sisi wasapota ndiko alikokufa, lakini yule mama alisema "Yesu wangu," akageuka na kabichi zake, akapanda pikipiki ya kwanza iliyokuwa inarudi Ndosho, akapotea. Nilicheka sana. Nilikuwa bado nacheka wakati mwenzangu mmoja alipofika kutoka huko huko akaniuliza kama naenda kwenye kilio.

"Kilio ya nani?"

"Ya kocha. Haujasikia? Banasema kamyo ilimugonga."

Mimi niliyemuua sikuwa najua alikufa kwa nini, na huyu alinieleza mpaka rangi ya lile lori. Hapo ndipo kicheko kilipokatika, kwa sababu nilimkumbuka Koko.

Koko ni mama yake kocha. Vita ilipopita katika mji wao wa Kiwanja alikuja Goma kwa miguu, na mume wake alibaki huko ardhini. Paluku ndiye mtoto aliyebakia naye. Koko ana ugonjwa wa tansio, yaani presha ya damu, daktari alishasema asipewe habari mbaya ghafla, na hata hivyo kila mechi yuko pale kando ya uwanja, amekaa juu ya bidoni lake, dumu la maji la manjano, anamfokea refa kuliko sisi wote. Habari ile ingemfikia, moyo ungesimama, na aliyeusimamisha angekuwa mimi. Nilimpigia kocha, simu imefungwa. Nikawasha pikipiki nikaondoka mbio ili nifike kwa Koko, kule Ndosho, kabla ya uongo wangu.

Niliona watu wa Goma leo wana adabu ya ajabu. Wanasimama pembeni, wanaume wanavua kofia, polisi wa barabarani amesimamisha magari yote akanipa njia, kitu ambacho hajawahi kunifanyia tangu tujuane. Namshukuru Mungu ananisaidia. Halafu nikatazama kioo nikaona nyuma yangu pikipiki zimejaa barabara nzima, taa zimewashwa, honi zinalia, na mbele ya macho yangu, yakipepea vizuri kabisa, yale matawi. Sikuwa nimeyatoa. Nilikaza mwendo ili niwaache, nao wakakaza, kwa sababu msafara wa msiba unakwenda mwendo wa aliye mbele.

Koko alikuwa mbele ya nyumba anachambua maharagwe. Alisimama, maharagwe yakamwagika juu ya mawe ya volkeno.

"Ni Paluku?"

"Hapana, Koko. Kocha iko muzima."

Aliniangalia kwa upole, kama vile ni mimi niliyefiwa. "Siku papa yake Paluku alikufa, balikuya kuniambia ni mugonjwa kidogo tu, nisiogope. Usinifiche, mutoto wangu."

"Sikufichi, Koko. Vraiment, kweli kabisa, ni muchezo tu."

"Aya, mupigie."

"Simu yake imefungwa."

"Na alilala wapi? Alituma mutu aseme atachelewa, tangu pale sijamuona."

"Sijue, Koko," nikasema, na jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye kidevu.

Aliketi chini akaanza kulia. Mniambie, ningefanya nini? Sisi watu wa vita tumezoea kupewa habari za kifo kwa vijiko, leo ni mgonjwa, kesho amezidiwa, mpaka mtu akikuambia fulani ni mzima unaanza kutafuta kitambaa cheusi. Kila nilipokana, vilio viliongezeka. Niliyang'oa yale matawi kwa hasira nikayatupa, yakaangukia langoni, na wamotari walipoona nimeyalaza langoni mwa marehemu wakazima pikipiki zao wote kwa pamoja na kuinamisha vichwa. Yakawa yamekwisha.

Mikeka ilitandikwa. Hema la plastiki likafungwa juu, moto ukawashwa, majirani wakaleta masufuria ya ugali wa fufu na mboga ya sombe. Mimi nilikaa karibu na Koko nimemshika mkono, nahesabu anavyopumua, naapa moyoni kwamba akinusurika sitatukana tena mtu yeyote. Nilimnong'oneza mkatekista wa kanisa, aliyekuja kuongoza sala, kwamba kocha hajafa. Akanipigapiga begani akasema, "Lia tu, kijana." Halafu, nadhani kwa kunihurumia, akatangaza kwamba prezida wa wasapota atatupa neno.

Nilisimama nimeamua kusema kweli, liwalo na liwe. "Ndugu zangu," nikasema kwa sauti kubwa, "kocha Paluku hakufa."

"Amina," akasema mkatekista, na uwanja mzima ukaitikia, "Amina, amelala tu," na mama mmoja akaanzisha wimbo.

Wimbo ulipokwisha Koko aliinua uso. "Neno ya mwisho ulimuambia mutoto wangu ni gani?"

Niliwaza kuku wa mama yangu. Nilimtazama yule mama mzee, nikashindwa kusema.

"Nilimuambia asante, Koko."

Nilipoanza sikuweza tena kunyamaza. Nilisema kumtoa Safari ulikuwa uamuzi wa mtu anayeona mbali, sisi ndio tulikuwa vipofu, nikasema hakuna timu Goma yenye kocha kama yule, anayewaokota vijana wa kambi za wakimbizi, anawanunulia viatu wakati vyake mwenyewe vimefungwa kamba, na hadai kitu. Katikati ya hapo machozi yakanitoka, ya kweli, kwa sababu nilikuwa nasikia maneno yangu nikaona yote ni kweli, na sikuwahi kuyasema.

"Rudilia kidogo ile ya kipa," sauti ikasema kutoka nyuma.

Kocha Paluku alikuwa amesimama langoni, suruali imejaa tope mpaka magoti, na kando yake Safari, na nyuma yao mwanamke aliyebeba godoro kichwani na mtoto mgongoni, watoto wengine wameshika kitenge chake. Mkatekista aliangusha kitabu. Motari mmoja aliruka ukuta wa mawe suruali ikachanika, na huyo deni la suruali ananidai mpaka leo.

Koko hakukimbia. Alikwenda polepole, akamshika mwanawe mashavu, masikio, mikono, akamkagua kama anavyokagua mbuzi sokoni, akalia muda mrefu ameegemea kifua chake, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya sufuria ya sombe nashukuru kila pumzi anayovuta. Halafu akafuta pua kwa pembe ya kitenge.

"Sasa niambie. Kwa nini ulimutoa kipa?"

Kocha akamwonyesha yule mwanamke. Ni mama yake Safari. Jana, mechi ikiendelea, ilikuja simu kwamba watu wa upande wa Bunagana wanakimbia vita na mama yuko njiani na watoto, haijulikani kama atafika. Safari alitaka kuendelea kudaka. Kocha akamwambia mechi zitakuwapo nyingine, mama ni mmoja, atoke aulizie habari zake, filimbi ikilia twende. Na Safari alimwomba asimwambie mtu mpaka wajue kama ni mzima. Walizunguka katika mahema ya wakimbizi ya Munigi mpaka wakampata, na simu haikuwashwa, kwa sababu ya sisi.

Watu walianza kukunja mikeka kwa aibu, aibu yangu hiyo, nilikuwa nimewagawia.

"Mikeka isitoke," akasema Koko. "Wageni balale wapi?"

Basi mama yake Safari alikaa mahali pa mfiwa, akala chakula cha msiba, na usiku ule watoto walilala chini ya hema la msiba. Mimi nilikesha nikisugua masufuria, kwa amri ya Koko. Na tangu siku ile jani halikanyagi pikipiki yangu, hata abiria akiwa na mboga za lengalenga azifunike ndani ya mfuko au ashuke. Koko aliongeza sheria yake, kwamba tukipoteza mechi asitukane mtu yeyote mpaka mimi niende kwanza kumuuliza kocha sababu.

Jumapili iliyopita tumepoteza tena. Tukiwa sare, kocha alimtoa mfungaji wetu, kijana aliyekuwa amewachosha mabeki mpaka wanashika magoti, na mara tu baada ya hapo tukafungwa. Filimbi ilipolia wasapota wote walinigeukia, na Koko naye akageuka juu ya bidoni lake. Nilimeza yale yaliyokuwa kooni nikaenda mpaka kwenye mstari.

"Kocha, jamaa ya huyu mutoto iko salama?"

"Iko salama yote," akasema kocha, akivua kofia. "Leo nilikosea tu."

Nikamtazama Koko. Alikuwa ameshasimama, anajifunga kitenge vizuri.

"Basi mumutukane," akasema. "Lakini munipishe, nianze mimi."