Siku Niliyompeleka Baba Mazoezini

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili nilipochukuliwa kwenye igizo la nyimbo, na mpaka hapo sikuwahi kuimba popote ila katika kwaya ya usharika wetu, Makorora. Mwongozaji alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mpole, asiyepaza sauti. Alikuja kanisani Jumapili moja kutafuta waimbaji, akanisikia, akaniomba nijaribu. Igizo lilihusu wakata mkonge. Nilimwambia babu yangu aliletwa kutoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba, na kwamba baba yangu naye alikata mkonge miaka ishirini na sita upande wa Muheza. Nikapewa nafasi ya mke wa mkata mkonge, na nyimbo tatu za peke yangu.

Tulifanyia mazoezi Raskazone, katika jumba la zamani lenye sakafu ya mbao. Wiki ya kwanza nililia chooni kila siku. Kuimba niliweza. Kuimba huku natembea, nageuka, nabeba ndoo na kumtazama usoni mume asiye wangu, sikuweza. Kwenye kwaya unasimama wima na wenzako wanakubeba. Hapa pumzi iliniishia katikati ya mstari, nikabaki nimeachama mdomo. Wenzangu wengi walikuwa vijana waliosomea sanaa. Hawakunicheka. Walinisubiri, na kule kusubiriwa kuliniuma kuliko kuchekwa.

Nyumbani baba alikuwa akiniuliza tumefika wapi. Mgongo wake ulikwisha pinda, hawezi kunyooka hata akilala. Jioni moja alitaka kusikia, nikamwimbia wimbo wa kwanza, ule wa wanaume wanaoingia shambani asubuhi kwa shangwe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi hatukuimba," alisema. "Uimbe saa ngapi, na hesabu ya matita inakusubiri?"

Maneno yale niliyapeleka kwa mwongozaji. Akaniuliza kama mzee angekubali kuja kutuonyesha kazi ilivyokuwa. Niliona ni heshima kubwa. Baba alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia watu watajua walichopitia yeye na wenzake, akakubali, akavaa shati lake la kanisani.

Tulipoingia vijana wote walimwamkia shikamoo, akaletewa kiti na maji. Mwongozaji alimpa kipande cha ubao kiwe badala ya kisu. Baba akakizungusha mkononi, akasogea katikati ya ukumbi, akainama. Mkono wa kushoto ulishika jani ambalo halikuwapo, wa kulia ukalikata, ukaondoa mwiba wa nchani, jani likawekwa kando. Kila alipokamilisha tita alijiinua nusu, akashika kiuno, akainama tena.

Mpiga ngoma alianza kugonga polepole, akiufuata mkono ule. Mwongozaji akampa ishara aendelee. Vijana wakajipanga nyuma ya baba, wakakunja migongo kama yeye, wakashika viuno kama yeye, kisha wakaongeza kutikisa mabega. Walicheka, si kwa ubaya; walicheka kama watu waliopata walichokuwa wanakitafuta kwa wiki mbili. Ngoma ikapanda. Ilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa napiga makofi. Baba aliendelea kukata, akidhani bado anatufundisha, mpaka alipogeuka akawaona.

Aliuweka ubao juu ya kiti. Akashukuru, akauliza wapi anaweza kunawa mikono.

Tulikuwa kwenye bajaji, tunakaribia nyumbani.

"Mgongo huu sikuzaliwa nao," alisema.

Nikamwambia hawakuwa na nia mbaya, wamempenda.

"Wao siwalaumu. Wao watoto wa watu. Wewe nilikuona unapiga makofi."

Usiku ule niliapa sirudi. Asubuhi nilirudi. Nilimweleza mwongozaji yote, naye alihuzunika kweli. Akasema ngoma ile ataiondoa, maana hakuna igizo linalostahili kumwumiza mzee.

"Uamuzi uwe wako, dada," aliniambia.

Wakaicheza mara moja zaidi ili niione vizuri kabla sijaamua. Nikaingia na wimbo wangu. Kwa mara ya kwanza miguu yangu ilijua pa kwenda, sauti ikatoka yote, mstari hadi mstari, na waliokuwa wakinisubiri siku zote wakawa wananifuata.

Nikasema iacheni ibaki.

Igizo lilichezwa siku mbili. Watu walisimama kushangilia ngoma ile, na mwanamke nisiyemjua alinikumbatia akilia, akasema marehemu baba yake alikuwa mkata mkonge. Wangu alikuwa hai, maili mbili kutoka pale, amekaa ndani. Alisema miguu inamsumbua.

Kundi lilikwisha tawanyika, hakuna aliyeniita tena. Nimerudi kwenye kwaya. Zamani nikifanya mazoezi nyumbani baba alikuwa ananifuatia kwa sauti ya besi, taratibu, kutoka chumbani kwake. Sasa nikianza kuimba anachukua fimbo yake na kutoka nje, anakaa upande wa pili wa nyumba mpaka ninyamaze. Nimemwomba radhi mara mbili. Mara zote mbili aliniambia, "Sina kinyongo, mwanangu," halafu akaniuliza kama nguo zimekauka.