Darubini ya Elkanah wa Kosele

Elkanah wa Kosele alipewa darubini na Mzungu wa kiwanda cha pamba aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Laiti angepewa baiskeli! Lisemwe mapema, asije mtu akadhani hapa panasifiwa elimu.

Mwaka huo wa 1966 alikuwa na uchu mmoja, kuziona pete za Zohali. Kitabu alichoachiwa kilionyesha sayari hiyo imevishwa pete kama bibi harusi. Basi kila jioni, ugali ukisongwa, yeye yuko nyuma ya nyumba, kainama, jicho moja kalifumba. Kazi bure. Akiipata, inamtoroka kiooni kabla hajameza mate. Akiifuata, moshi wa jikoni kwa mkewe Phelesia unatanda. Moshi ukiisha, ng'ombe anakuja kujikuna kwenye miguu ya darubini. Na upepo wa ziwani ukivuma, sami, wale wadudu wanaokuja kwa mawingu, wanajibandika kwenye kioo mpaka mbingu nzima inaota mabawa. Siku aliyoinasa Zohali barabara, aliona punje nyeupe tupu. Akadhani kioo ni kichafu, akakisugua kwa nguvu, akakikwaruza. Hakukuwa na wa kumwambia kwamba mwaka ule pete zilikuwa zimetugeuzia ukingo, nyembamba kama wembe, na hata wenye darubini kubwa walizitafuta kwa taabu.

Majirani hawakuwa na habari na Zohali. Mtu mzima anayenyemelea gizani nyuma ya nyumba yake, jina lake kwa Waluo linajulikana. Ni jajuok, mchawi akimbiaye usiku uchi, agongaye milango ya watu kwa makalio, atembeaye kwa mikono miguu ikielea juu. Walianza kulisema kisimani, kisha kanisani, na waliokuwa wakimwamkia wakaanza kumkoholea tu.

Hayo yote Elkanah angeyameza, lakini alikuwa na Rispa, binti yake wa pekee. Rispa alikuwa amechumbiwa na Javan, mwalimu kijana wa Rangwe, na walipendana kwelikweli. Tena ng'ombe wa mahari hawatoki zizini kabla nyumba ya msichana haijachunguzwa, maana inaaminika ujuok huenda na damu, na binti huuhamishia kwa mumewe. Ndiyo sababu Cephas, baba yake Javan, alikuja mchana mmoja na wazee wawili, wakakaa uani, macho hayatulii.

"Baba Rispa, hiyo kitu ifiche kwa ghala," Phelesia alimnong'oneza mumewe. "Leo tu, tafadhali."

"Nikificha ndiyo watasema kuna kitu. Wacha wajionee wenyewe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaitoa uani, akaielekeza barabarani, ambako Orpah, mke wa Cephas, alikuwa akija nyuma polepole na kikapu kichwani.

"Jaduong', chungulia," alimwambia Cephas kwa heshima. "Utaona ni kioo tu. Hakuna dawa hapa."

Hapo ndipo alipojichimbia kaburi. Darubini ya nyota huonyesha kila kitu juu chini, na Elkanah hakuwahi kulijali hilo. Mwezi ukipinduliwa ni mwezi uleule, na nyota haina kichwa wala miguu. Binadamu hakuwahi kumtazama nayo hata mara moja, mjinga yule.

Cephas akainama, akachungulia. Akamwona mama wa watoto wake kichwa chini, miguu juu, anakuja taratibu, wala hajali. Mzee aliruka nyuma akakanyaga kuku.

"Elkanah, umefanya bibi yangu nini?"

"Jaduong', ni kioo! Inapindua tu. Hata mwezi inapindua!"

"Kumbe hata mwezi unapindua?"

Wakaondoka bila kunawa mikono. Rispa alibaki mlangoni na birika la maji ya kunawa, nyuma yake kuku wawili na ugali wa wimbi vikipoa. Kabla ya mavuno, Javan alioa kwingine.

Baada ya hapo hakuna aliyebisha hodi. Rispa alikaa, akakonda, wenzake wakambandika jina la mtoto wa jajuok. Mwishowe akatokea Mwikwabe, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka mpakani mwa Tanzania, mzee mwenye wake wawili. Aliuliza swali moja tu: babako yuko wapi?

"Alikufa," Rispa alijibu mwenyewe, wala hakuinamisha macho.

Kwa hiyo ng'ombe wa mahari walipelekwa Rodi Kopany, kwa Walter, mdogo wake Elkanah, mbali na midomo ya Kosele. Elkanah alishikilia kwenda. Wakamficha jikoni, wakamfungia, wakamwambia asithubutu kukohoa. Sebuleni chakula kilipoandaliwa, Mwikwabe akainuka, akavua kofia.

"Kwanza tuombee huyo marehemu," alisema. "Alizaa mtoto mzuri. Nilitaka sana nimsalimie."

Elkanah akainamisha kichwa kati ya sufuria. Alimsikia Walter akimshukuru Mungu kwa kumpumzisha kaka yake. Alimsikia Rispa akilia, na kilio chenyewe hakikuwa cha kuigiza. Sala ilipokwisha, aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Phelesia.