Kadi ya Picha ya Febronia

Febronia, mama Peniel kwa majirani, alipiga picha Nduguti kwa miaka ishirini na sita. Alianza na kamera ya filamu aliyoachiwa na marehemu mumewe, akipeleka filamu Singida mjini kusafishwa, na watu wakisubiri wiki mbili kuziona sura zao. Zilipokuja kamera za kisasa akanunua, akafungua na chumba chenye kompyuta na printa karibu na ofisi mpya za wilaya. Kile kikadi kinachochomekwa ndani ya kamera, vijana hukiita memori. Yeye alikiita kadi ya picha, maana ndiko picha zinakokaa, na jina hilo aliliandika hata kwenye kompyuta. Akikichomeka tu, kioo kinamwonyesha: KADI YA PICHA.

Fundi wake alikuwa Stanley wa Singida mjini, kijana mpole, mtoto wa usharika. Ndiye aliyemwondolea mfumo wa kompyuta wa wizi uliokuwa ukijaa virusi, akamwekea wa bure. Ijumaa moja akaja na habari nyingine.

"Mama, mfumo umetoka mpya. Huu wako wanauacha."

"Huu unanitosha, mwanangu."

"Unatosha leo. Kesho wezi wa mtandaoni wakiingia utanilaumu."

Akamwambia kwanza ahamishie picha zote kwenye kadi, zisije zikapotea. Febronia akahamisha. Stanley akaweka mfumo mpya, akanywa chai, akapanda basi.

Asubuhi yake kioo kikawa kinapepesa kama jicho lililoingiwa vumbi. Picha inakuja nusu, nusu nyingine mistari mitupu. Febronia akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kompyuta yangu umeiroga?"

Stanley akacheka. "Hapana, mama. Humo ndani kuna programu inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Ile ya zamani imestaafishwa, imeletwa nyingine. Sasa hii mpya inadeka, haitaki draiva za zamani."

"Dereva? Dereva wa nini tena humo ndani?"

"Draiva, mama, siyo dereva wa basi! Ni kama mkalimani kati ya kompyuta na... na kadi ya picha. Tatizo lako liko kwenye kadi ya picha."

Baadaye alikiri kwamba mafundi wana jina lao la Kizungu kwa kitu kile, ila hakutaka kumchanganya mama wa darasa la saba. Akamtafutia Kiswahili.

"Ina vitu vya zamani," akasema. "Fungua, vifute vyote, nikuwekee vipya nikiwa hukuhuku."

"Vyote?"

"Vyote, mama. Usiache hata kimoja, ndivyo vinavyogombana na mfumo."

Kadi ilikuwa bado imechomekwa. Febronia alisita. Lakini aliyemwambia ahamishe ndiye huyu anayemwambia afute. Bila shaka amekwisha kuzitunza picha huko mtandaoni wanakotunza mambo yao. Akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, naye akaijibu kwamba anayo.

Kioo hakikuacha kupepesa. Stanley akasema basi, atakuja Alhamisi na kadi nyingine. Jumapili Febronia alirudisha ile yake kwenye kamera, akapiga ubatizo wa watoto kumi na wanne, picha na video, mpaka kadi ikajaa.

Jumatano Mzee Hosea akaingia dukani, kofia mkononi. Mkewe, Luciana, alikuwa amefariki alfajiri.

"Nimefuata ile picha ya mama yenu," alisema. "Ile ya sikukuu ya kina mama, aliyocheka. Unajua alivyokuwa anakimbia kamera. Na vitambulisho viliungua na nyumba mwaka juzi. Ni hiyo tu. Tunazika kesho."

Febronia alichomeka kadi. Watoto wa ubatizo wakajipanga kwenye kioo, vichwa vyao vimekatwa na mistari. Luciana hakuwepo. Akampigia Stanley.

"Mama! Si nilisema kadi ya picha? Ile iliyo ndani ya kompyuta, inayoleta picha kwenye kioo!"

"Kwetu hapa kadi ya picha ni ipi nyingine, Stanley?"

Stanley akauliza taratibu, "Umepiga tena kwa kadi hiyo?"

"Nimepiga, mpaka imejaa."

"Zingeweza kurudi, mama. Kama usingepiga juu yake."

Mzee Hosea hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kwenye benchi la wateja akiizungusha kofia, mpaka mdogo wake, Nathanaeli, akaja kumtafuta, akaelezwa.

"Agnes si yupo?" Nathanaeli akasema. "Dada yake Luciana, baba mmoja mama mmoja, sura moja. Mpige Agnes."

"Huo ni uongo, baba," Febronia akasema.

"Ulifuta wewe, mama Peniel, leo unatuhubiria? Msalaba hautatembea bila sura. Watu wa kwao, Ulemo, watasema hatukumpenda."

Febronia akahamisha picha za ubatizo, akachukua kamera. Agnes aliletwa, macho yamevimba kwa kilio, akaambiwa acheke kidogo, marehemu alicheka. Akajitahidi.

Alhamisi mapema Stanley alifika na kadi yake. Akafungua kompyuta, akatoa moja, akaweka moja, kioo kikatulia tuli. Sura ya Agnes ikajaa, kila kunyanzi mahali pake.

"Umeona mama inavyotoa safi!" Stanley alisema, kabla hajakumbuka. Febronia akabonyeza kuchapa.

Makaburini picha ilitangulia na msalaba. Mchungaji akasema tumtazame mama yetu kwa mara ya mwisho, na watu wakamlilia Agnes, aliyekuwa amekaa mkekani katikati yao. Febronia alikaa nyuma kabisa. Alijaribu kuomba msamaha, lakini kila alipofika "Baba" sala ilikatika.

Watu walipotawanyika Agnes akaja akasimama karibu naye. Akaitazama sura yake mwenyewe juu ya udongo mbichi.

"Na mimi nikifa, mama Peniel," akauliza, "mtampiga nani?"